Bunduki ya marehemu mzee: tubaki nayo au tuikabidhi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nipo Pongwe, Tanga. Mzee wetu ametutoka mwezi uliopita, na kabatini kwake tumekuta shotigani ya mitutu miwili, kazi ya Birmingham, imeviringishwa kwenye kanga ya mama. Kitako kimepasuka, kimefungwa waya wa shaba. Leseni ipo, ila ina jina lake.

Juzi wezi wamebeba mbuzi wawili, basi kaka kashikilia tubaki nayo ya kulinda nyumba. Mimi nasita. Chemba yake (pale risasi inapokaa) imeandikwa 65, yaani milimita, na risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Zinaingia vizuri tu, lakini ukifyatua mdomo wa ganda la risasi hauna nafasi ya kufunguka, presha inapanda. Kwa chuma cha umri ule si utajilipua wewe kabla ya mwizi? Halafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bila leseni yako mwenyewe hiyo ni kesi.

Mliowahi kurithi silaha, mlianzia polisi au kwenye mirathi? Na fundi bunduki anayetambulika yupo hapa Tanga au mpaka Dar? Mbwa nimeshapata wawili, mama anasema wanatosha.