Kulipumzisha shamba: mukuna, marejea au mbaazi? (Nyangao, Lindi)

MtotoWaNyangao
Wakuu habari za jioni. Nina shamba huku Nyangao limechoka kabisa, mahindi yanakuwa ya njano toka madogo na msimu uliopita nimevuna kitu cha aibu. Nimeamua msimu huu nisilime mahindi nilipumzishe, ila sitaki liwe pori tu, nataka nipande jamii ya kunde irudishe rutuba. Kuna wanaosema mukuna ile isiyowasha, wengine marejea, wengine wananambia we panda mbaazi upate na hela. Ipi bora? Nataka kununua mbegu kabla mvua hazijaanza.

Salfa_Tupu
Ekari ngapi? Udongo kichanga au ule wa bondeni karibu na mto? Lako au la kukodi? Ng'ombe wanapita? Mnaleta swali nusu halafu mnataka jibu zima.

MamaChoroko
Mwanangu panda mbaazi. Hayo mengine unalisha ardhi huku watoto wanakuangalia. Mbaazi inadondosha majani chini mwaka mzima, mzizi wake unaenda mbali kuliko jembe lako, na mwezi wa nane unavuna unapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao). Mimi huku Nachingwea nikiona kipande kimechoka nakipiga mbaazi za kienyeji zile ndefu, msimu unaofuata mahindi yenyewe yanasema asante.

Kitangari_Juu
Mama shikamoo, lakini mbaazi ukishavuna punje umeuza na nitrojeni humohumo. Kupumzisha shamba ni ukate kitu kikiwa kibichi. Marejea ndo mpango mzima, wamisionari wa Peramiho walihimiza sana kule Songea na wakulima wanaijua mpaka leo. Inakua haraka, inabana magugu, inapunguza minyoo fundo ardhini, ile inayoshambulia mizizi. Kilo 6 mpaka 10 kwa ekari inatosha, mbegu zenyewe ndogo.

MamaChoroko
Marahaba. Sasa hiyo marejea inaliwa?

Kitangari_Juu
Haiuzwi mama, na mbegu zake msilishe mifugo, jamii hiyo ya krotalaria ina sumu. Ni ya shamba tu.

MamaChoroko
Basi nimemaliza.

BwanaShambaMstaafu
Kijana, kabla ya kuchagua mbegu tuambie njano hiyo inaanzia wapi. Kama ni majani ya chini, inaanzia nchani inakuja katikati ya jani kama ulimi, hapo nitrojeni imeisha na hizi kunde zitakusaidia. Kama majani yana zambarau basi fosforasi ndo tatizo, na hapo hata mukuna yenyewe itadumaa, kwa sababu jamii ya kunde inajitengenezea nitrojeni lakini fosforasi haiwezi kujitengenezea, lazima uiweke, mbolea ya Minjingu kidogo au samadi. Watu wengi wanapanda mukuna kwenye kichanga kilichokufa halafu wanasema mukuna ni uongo.

Ukishapanda, wiki kama ya sita hivi chimbua miche michache taratibu na koleo, usiing'oe maana vifundo vinabaki ardhini. Osha mizizi, kata kifundo kwa ukucha. Ndani ikiwa nyekundu au pinki kama nyama, bakteria wanafanya kazi. Ikiwa kijani au kijivu, mmea unakula tu rutuba ya shamba kama mahindi.

MtotoWaNyangao
Asante mzee shikamoo. Njano inaanzia chini. Ekari 4, kichanga chekundu, ni la familia. Mahindi na ufuta kwa kupokezana muda mrefu. Ng'ombe wanapita kiangazi.

Chikundi_Boy
Subirini niwape habari ya mukuna maana mnaongea kirahisi sana.

Mimi nilinunua mnadani kwa jamaa mmoja, ameweka kwenye kiroba kizuri, ananiapia hii haiwashi kabisa hata mtoto anachezea. Nikapanda shamba la nyuma ya nyumba. Zikaota hizo, daah, mpaka mwezi wa tatu huoni ardhi, magugu yamekufa yote, majirani wanakuja kuulizia mbegu na mimi najibu kama mtaalamu. Mwezi wa sita maganda yakaanza kukomaa, nikaona yana manyoya rangi ya dhahabu yanang'aa juani. Nikasema hapa pana kazi. Kusi ikaanza kuvuma, manyoya yanapeperuka mpaka uani, mke wangu kaanika nguo, usiku nyumba nzima tunajikuna, tumepaka majivu, tumepaka mafuta ya nazi, wapi. Vibarua niliowaita kufyeka mmoja alifika mpaka ukingoni, akachungulia, akageuka na panga lake bila hata kuaga. Wengine walitaka bei ya kuchimba kisima. Likabaki vile mpaka maganda yakakauka yakapasuka, mbegu zikamwagika, na msimu uliofuata upupu umejiotea wenyewe katikati ya mahindi, palizi naingia nimevaa koti la mvua jua la saa sita. Yule muuzaji mnadani hajaonekana tena.

Kwahiyo kijana kama ni mukuna, usinunue punje, nenda kashike maganda kwa mkono wako mwenyewe shambani kwa anayekuuzia. Ya kwake yawe na vinyweleo laini kama mahameli, yasikuwashe.

Salfa_Tupu
Hahahaha koti la mvua.

Kitangari_Juu
Ndo maana nasema marejea.

Ruponda_Online
Mimi naitetea mukuna, ya Chikundi ilikuwa upupu wa porini, isihukumiwe kwa hilo. Mukuna ya kweli kilo kama 20 kwa ekari, mistari sentimita 90, unapalilia mara moja tu ikiwa changa, baada ya hapo inajipalilia yenyewe. Hata kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinapungua. Kwenye majani mengi hakuna ya kuishinda hapo. Na kama hutaki kukosa mahindi kabisa, panda mahindi kwanza, wiki ya nne hivi ingiza mukuna katikati. Usiwahi tu, ukiwahi inapanda mabua inayaangusha.

Ila mbegu zake msile hovyo jamani, zina kemikali inavuruga kichwa na tumbo, kuna watu wanazikaanga wanachanganya kwenye kahawa.

MtotoWaNyangao
Hapo kwenye kupanda juu ya miti nimeshtuka, sikusema lakini kuna mikorosho nimepanda humo, ina kama miaka miwili.

Salfa_Tupu
SASA UNASEMA!!! Ndo maana niliuliza maswali.

BwanaShambaMstaafu
Hilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza. Mukuna itaikaba mikorosho michanga yote, itaifunika kama shuka. Labda kila wiki upite na panga kukata vikamba, utachoka. Kwenye mikorosho michanga weka kisichotambaa: karanga, njugu mawe, kunde, au marejea kwenye mistari ya katikati ukiacha duara safi kuzunguka kila mche.

Na suala la kulima kuchanganya na udongo: kwetu mvua ni msimu mmoja. Ukifyeka mwezi wa pili ukafukia, mvua zilizobaki zinaisukuma nitrojeni chini kwenye mchanga, inapotea. Afadhali mmea ukae mpaka mvua zinakaribia kuisha, ufyeke ukiwa na maua, ulaze juu usifukie. Tatizo linakuja kiangazi.

Ruponda_Online
Moto.

Chikundi_Boy
Moto na wawinda panya. Mwezi wa tisa na wa kumi mtu anatafuta panya anachoma hekta nzima, majani yako uliyoyalaza tangu mwezi wa tano ndo petroli yake. Na mikorosho inaenda humohumo.

BwanaShambaMstaafu
Piga barabara ya moto kuzunguka shamba, mita tatu nne, ikwanguliwe mpaka udongo uonekane, mapema nyasi zikiwa bado mbichi. Serikali ya kijiji ina sheria ndogo ya uchomaji, wajulishe kwamba umelaza majani.

Salfa_Tupu
Sheria ndogo ya kijiji kumzuia mtu mwenye njaa ya panya? Mzee una imani. Na ng'ombe? Wakiona fiwi au mbaazi mbichi kiangazi peke yake porini hawaulizi ni ya nani. Ukweli huku kwetu kinachoamua ni nini kitabaki mpaka mvua za Desemba, mbegu baadaye. Mimi ningechagua kitu ambacho ng'ombe hawakitaki.

Kitangari_Juu
Marejea 😎

Mchinga_Pwani
Nyie mnahangaika na rutuba, hiyo salfa mnayopuliza kwenye mikorosho kila mwaka kwa ajili ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa unga mweupe) inadondoka chini inaongeza tindikali, udongo wa kichanga hauna cha kuizuia. Pandeni mukuna mpaka kesho.

Salfa_Tupu
Tusipopuliza tule nini? Korosho ndo inasomesha watoto.

Mchinga_Pwani
Sijasema msipulize, nimesema pimeni udongo. Ulizieni Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo Mtwara.

BwanaShambaMstaafu
Mchinga yuko sahihi kuhusu tindikali, ndo maana kuna dawa za maji siku hizi. Ila mikorosho ya miaka miwili bado salfa hajaanza kuipuliza kwa wingi.

Ruponda_Online
Hii ardhi ya kusini ilishakataa toka enzi za Mwingereza, mpango wa karanga Nachingwea ulianza 1947 ukafa 1951, na matrekta yote yale.

MamaChoroko
Usituchafulie Nachingwea. Ulikokufa vibaya zaidi ni Kongwa, udongo unakauka unakuwa saruji na mvua hakuna. Hapa karanga tunalima mpaka leo, kwa jembe la mkono.

Ruponda_Online
Na reli waliyojenga mpaka bandarini Mtwara iko wapi?

MamaChoroko
Waulize walioing'oa.

MtotoWaNyangao
Wakuu turudi kwenye mada kidogo. Sasa nikipanda mbaazi katikati ya mikorosho mistari miwili miwili, na marejea upande usio na mikorosho, itakuwa sawa? Mbaazi bei imekaaje mwaka huu?

Salfa_Tupu
Bei ya mbaazi muulize Mhindi. 2017 India walipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi kwao, huku watu waliachia mbuzi shambani maana gharama ya kuvuna ilizidi bei.

MamaChoroko
Ile imepita. Sasa hivi kwa stakabadhi ghalani mazao yanakusanywa ghalani kunakuwa na mnada, unajua bei unayouzia.

Chikundi_Boy
Unaijua bei, hela huijui siku ya kuingia.

MamaChoroko
Hela ya kwako inachelewa kwa sababu AMCOS yenu ina mambo. Ya kwetu inafika.

Kitangari_Juu
Mbegu ya marejea kama unataka njoo Newala, ninayo ya msimu huu, nakupa bei ya undugu.

Ruponda_Online
Nilijua tu. Toka mwanzo kumbe ni tangazo.

Kitangari_Juu
Kwani kuuza mbegu ninayoipanda mwenyewe ni dhambi? Njoo ushike maganda.

MtotoWaNyangao
Nitumie namba inbox. Na mwenye mbaazi za muda mfupi asiye mbali na Mtama anicheki, zile ndefu zinakaa shambani mpaka kiangazi, naogopa ng'ombe.