Naomba ushauri: mizani ya elektroniki ya sonara

Wakubwa, shikamooni. Niko Bukavu, upande wa Kadutu, nafua pete na hereni. Nataka kununua mizani ya elektroniki ya kupimia dhahabu na nimekwama kati ya mbili: ya kusoma gramu 0.01 inayofika gramu 200, na ya gramu 0.001 inayoishia gramu 50.

Hiyo ya 0.001 inavutia, ila ina kiherehere. Mtu akifungua mlango tu, tarakimu ya mwisho inaanza kucheza, hata kama ina kifuniko cha kioo. Kwa hereni ndogo lakini naihitaji.

Halafu kuna suala la mawe ya mizani, yale ya uzito unaojulikana ya kurekebishia mizani. Huku tuko juu, tena karibu na ikweta, mvutano wa dunia ni mdogo kuliko kule mizani nyingi zinakotengenezwa. Isiporekebishwa hapa hapa, gramu 100 inaweza kupungua zaidi ya gramu 0.1, na mteja wa dhahabu hasamehi. Je, jiwe la gramu 50 la daraja la M1 linatosha, au nitafute F1, daraja lenye usahihi zaidi?

Umeme unakatika ovyo, kwa hiyo lazima itumie betri pia. Anayeitumia kazini kila siku, ungechukua ipi?