Tupeane uzoefu: fundi mkongwe akiondoka, ujuzi wa kujikinga kazini unabaki na nani?

Assalaam alaikum ndugu zangu. Mimi nachonga milango hapa Lamu, na hili limenikaa moyoni.

Karakanani kwetu kulikuwa na mzee ambaye kila kusi, upepo utokao kusini, ikiingia alituhamishisha meza ya kupasulia mbao hadi mlango wa kaskazini. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikianza, twairudisha mlango wa kusini. Sisi vijana tulibeba tu, hatukuuliza. Alipostaafu, meza ikakaa palepale kusini. Tukapata kazi kubwa ya mvule, na kusi ikatumwagia vumbi lote ndani. Mwanagenzi wetu macho yalimvimba, mikono ikamtoka vipele, usiku akikohoa hadi anakaa kitako. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Mzee alilijua hilo. Sisi tulijua kubeba meza.

Kwenu ikoje?

Mpakuzi wa gatini: Waalaikum salaam. Sisi twashusha saruji, mfuko kilo 50. Msimamizi wetu wa zamani hakukubali tupakue maji yakiwa yamepwa: mashua iko chini, ngazi zateleza, unainama na mzigo kisha unapanda nao. Alingoja maji yajae, mashua ilingane na gati, mfuko upite mkono kwa mkono. Aliyemfuata hakuambiwa na mtu. Wiki ya pili mwenzangu akateguka mgongo. Sasa saa za maji twaziandika kwa chaki ukutani kila asubuhi.

Mama wa Malindi: Nasafisha vyumba hotelini. Msimu ukiisha twapunguzwa, ukirudi ni sura mpya. Binti mmoja alichanganya dawa ya klorini na asidi ya choo bafuni, pasipo dirisha, akatolewa pumzi hazimtoshi. Na lilishatokea misimu miwili nyuma! Walioliona hawakuwepo tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yetu ilipoundwa, tuliomba kwanza daftari la ajali libaki kazini, lisiondoke na meneja.

Mchonga milango: Ahsante dada, la daftari nimelichukua. Jana nilimfuata mzee kwake na kalamu. Ukurasa wa kwanza ni meza na pepo za kusi na kaskazi. Wa pili ni vile vigogo viwili alivyoweka chini ya mlango tunaochonga. Miaka yote nikidhani ni vya kukinga unyevu, kumbe vyauinua ufike kiunoni, tusipinde mgongo. Tulishavichoma kupikia chai. Kesho nakata vingine.