Ramani ya nasaba za kuumeni kuzunguka Ziwa Victoria: mbona Wajaluo wanatoka rangi moja na Wabantu?

Ngalawa_Kirumba:
Mwangaluka wakuu. Klabu ya baiolojia ya kidato cha sita hapa Mwanza inaandaa ramani ya ukutani ya haplogrupu (makundi ya nasaba) za kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume, kwa makabila yanayozunguka ziwa: Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakuria, Wajaluo na Wataturu. Takwimu zinatoka kwenye majedwali ya tafiti zilizokwisha chapishwa. Tumekwama mahali patatu. Jedwali moja linaandika E3a, jingine E1b1a, jingine E-M2: ni kitu kimoja au vitatu? Halafu Wajaluo wanazungumza lugha ya Kinailoti, lakini wanaume wao wengi wanaangukia E-M2 kama Wabantu. Maabara ilikosea? Na kabila lenye sampuli 30 tu, asilimia zake tuziweke?

Mwalo_wa_Igombe:
Ni kitu kimoja, mkuu. E3a ni jina la mfumo wa mwaka 2002. Mti wa haplogrupu ulipopangwa upya mwaka 2008, tawi hilohilo likaitwa E1b1a, na matoleo ya baadaye yakaongeza tarakimu nyingine. Herufi na namba hubadilika kila tawi jipya likigunduliwa, ila alama yenyewe, M2 (badiliko la DNA linalotambulisha tawi), iko palepale kwenye kromosomu. Kwa hiyo kwenye jedwali lenu ongezeni safu ya alama, mtafsiri kila jina la zamani: E3a ni M2, A3b2 ni M13, B2b ni M112. Baada ya hapo futeni majina marefu, msiyatumie tena.

Kosa linalowapata wengi ni kuchanganya kina cha upimaji. Utafiti mmoja ulipima M2 peke yake, mwingine ukashuka hadi U175 na M191, ambazo ni matawi yaliyo ndani ya M2. Ukichora "E-M2" na "E-U175" kama vipande viwili vya duara moja, umemhesabu mjukuu kando na babu yake. Pandisheni kila kitu hadi ngazi ambayo tafiti zote zimeifikia. Na mkikuta nyota, E-M2*, maana yake mtu ana M2 lakini hakukutwa na tawi lolote la chini kati ya yale yaliyopimwa siku hiyo. Nyota ya utafiti mmoja si nyota ya mwingine.

Mama_Furu:
Kuhusu Wajaluo, msiiguse namba hiyo. Iko sawa, na ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwenye ramani yenu.

E-M2 ilisambaa na wasemaji wa lugha za Kibantu kutoka mpakani mwa Kamerun na Nigeria, safari iliyoanza takriban miaka 4000 hadi 5000 iliyopita. Huku ziwani wakulima wafinyanzi wa vyungu vya Urewe walikuwepo yapata miaka 2500 iliyopita. Wajaluo walishuka kutoka upande wa Sudan karne nyingi baadaye, na wakakuta watu. Kwa Wanailoti wa Sudan unategemea A-M13 na matawi ya haplogrupu B. Ukikuta E-M2 nyingi kwa Wajaluo wa ziwani, maana yake wanaume wenye asili ya Kibantu waliingia katika jamii hiyo, wakachukua lugha, na wana wao wakawa Wajaluo kamili. Wasuba ni mfano ulio hai: walikuwa Wabantu, na wengi wao sasa Kijaluo ndiyo lugha ya nyumbani. Lugha hubadilika katika vizazi viwili au vitatu, kromosomu Y haibadiliki kwa sababu baba amehamia lugha nyingine.

Hata ukoo na Y si kitu kimoja, na mila za huku zinaonyesha hivyo waziwazi. Kwa Wakuria kuna nyumba ntobhu: mwanamke anaoa mwanamke, mtoto anahesabiwa ukoo wa mwanamke aliyetoa mahari, lakini Y ya mtoto wa kiume imetoka kwa mwanamume wa nje. Kwa Wasukuma wa zamani, utemi ulirithiwa kukeni. Aliyekalia kiti alikuwa mara nyingi mtoto wa dada. Ukipanga watemi kumi wa enzi hizo kwa mfuatano, usitegemee Y moja. Na mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa alibaki ukoo wa mama. Kwa hiyo andikeni chini ya ramani "wanaume waliojitambulisha kama Wakuria". Msiandike "damu ya Wakuria".

Namba_Hazidanganyi:
Nijibu la sampuli. Wanaume 6 kati ya 30 ni asilimia 20, lakini kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha jamii nzima kiko kati ya kama 8 na 39. Kwa 60 kati ya 300, asilimia ni ileile 20, ila sasa ni kati ya 16 na 25. Msiifute sampuli ndogo. Ichoreni kwa duara dogo. Eneo la duara ndilo liwe sawia na idadi ya watu, siyo kipenyo: sampuli ikiwa mara nne, kipenyo kiwe mara mbili tu. Wengi hukosea hapa na duara kubwa hulimeza ziwa zima.

Sifuri nayo ina mtego. Ukikosa haplogrupu fulani katika watu 30, bado inaweza kufika karibu asilimia 10 kwa jamii nzima. Andika "haikukutwa (30)", usiandike "haipo".

Msipake rangi inayofifia kutoka kituo kimoja hadi kingine. Programu itajaza hata maji, na mtasoma haplogrupu za sangara. Kwenye QGIS (programu ya kuchora ramani) wekeni makadirio ya UTM, yaani namna ya kulaza uso wa dunia kwenye ramani bapa, kanda ya 36 kusini, kisha maduara kwenye nukta. Angalieni pia viwianishi: baadhi ya majedwali huweka nukta katikati ya nchi, na Msukuma anajikuta Dodoma.

Ngalawa_Kirumba:
Asanteni sana. Wataturu je? Wako wachache kwenye majedwali, tuwaunganishe na Wasukuma kwa kuwa wanakaa pamoja?

Mama_Furu:
Hapana, ndugu yangu. Wataturu ni Wadatoga, na kwa Wadatoga alama ya kuangalia ni E-M293, tawi la E-M35 ambalo halimo ndani ya M2. Mabaki ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa na M293 kwa wanaume wengi, na alama hiyohiyo imefika kusini mwa Afrika kwa wafugaji wa huko. Mkiwamimina ndani ya Wasukuma mtaifuta njia yote hiyo. Kama jedwali halikupima M293 na limeishia E-M35, acheni kipande kibaki E-M35, na kipeni rangi iliyo mbali kabisa na ya M2. Kijani mbili zinazofanana zitawapoteza wanafunzi wakisimama mita tatu kutoka ukutani.

Mwalo_wa_Igombe:
Nyongeza fupi: wanafunzi wakitamani kupimwa wenyewe, msikusanye mate kienyeji. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anzeni kwa kuuliza ofisi yao ya Kanda ya Ziwa, hapohapo Mwanza.