Gesti isiyo na ngazi karibu na Muhimbili

Wakuu, namleta mama kutoka Iringa, ana kliniki ya nyonga MOI (taasisi ya mifupa, Muhimbili) Jumatatu. Anatembea kwa fremu ya kushikilia (walker). Mara ya mwisho, Kariakoo, tuliambiwa lifti ipo; kufika, imekufa, chumba ghorofa ya nne. Nilimbeba mgongoni. Upanga kuna gesti zenye vyumba vya chini, visivyo na ngazi?

— Pole mkuu. Vipo, ila usiulize lifti tu. Omba wakurushie video kutoka getini hadi chooni. Choo kiwe cha kukaa, na mlango upimwe: fremu ya bimkubwa wangu ilikwama kwa sentimita mbili!

— Mkishuka stendi ya Magufuli chukueni teksi. Bajaji itamkunja nyonga.

— Asanteni. Nimepima fremu: sentimita 62. Napiga simu sasa hivi.