Re: Abike Dabiri-Erewa bungeni: kipi kilipita, kipi kilikwama

Kutoka: Leicester

Wadau, salaam.

Kamati ndogo inaandika waraka wa kudai tume ya diaspora nyumbani, na kila rasimu inamtaja mama Abike Dabiri-Erewa wa Nigeria kama mfano. Moja inasema akiwa mbunge "alipitisha sheria ya diaspora". Nyingine inaongeza kwamba aliwapatia Wanigeria wa nje haki ya kupiga kura. Anayelijua Bunge la Abuja atunyooshee kabla hatujaupeleka waraka huu kwa watu wenye wanasheria.

Kutoka: Houston

Ndugu wa Leicester,

Rasimu ya pili ichaneni. Ya kwanza inarekebishika.

Tuanze na miaka. Dabiri-Erewa alikuwa mtangazaji wa televisheni ya taifa, NTA, kwa takriban miaka 15, akijulikana zaidi kwa kipindi cha Newsline. Mwaka 2003 aliingia Baraza la Wawakilishi kwa jimbo la Ikorodu, Lagos, akarudi 2007 na 2011, akatoka 2015. Hayo ni Mabunge ya 5, 6 na 7. Nambari hizo ziandikeni pembeni maana kila kitu kinazitegemea. Alianza na chama cha AD, akaenda AC, ikageuka ACN, nayo ikaingia APC mwaka 2013, kwa hiyo ukimtafuta kwa jina la chama utapotea njiani. Jina lake pia hubadilika: mahali pengine ni Dabiri tu, pengine Dabiri-Erewa.

Bungeni aliwahi kuongoza kamati ya habari, na baadaye kamati ya diaspora. Ndiyo maana jina lake limeshikamana na mambo matatu: uhuru wa kupata habari, tume ya diaspora, na kura ya walio nje. Moja lilipita yeye akiwa bungeni, moja lilipita akiwa ameshaondoka, na moja halijapita.

Lililopita ni Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2011, nalo ndilo la kujifunzia. Hakulibuni yeye. Asasi za kiraia na chama cha waandishi wa habari walikuwa wakilidai tangu enzi za wanajeshi, na muswada uliingia bungeni mara tu utawala wa kiraia uliporudi mwaka 1999. Bunge la 4 likaisha kabla haujakamilika. Bunge la 5 likaupitisha katika mabaraza yote mawili, ukafika mezani kwa Rais Obasanjo mwaka 2007, akakataa kutia saini. Wabunge wangeweza kumpita kwa theluthi mbili, hawakufanya hivyo. Bunge lilipovunjwa, muswada ukafa nalo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Nigeria muswada haulali ukaamka Bunge jipya likianza. Unahitaji mtu wa kuuingiza tena, unapewa nambari mpya, unasomwa upya. Katika Bunge la 6 mdhamini wake mkuu, yaani mbunge aliyeuleta, katika Baraza la Wawakilishi alikuwa Dabiri-Erewa. Baraza likaupitisha Februari 2011, Seneti Machi, nakala mbili zikaoanishwa mwishoni mwa Mei, na Rais Goodluck Jonathan akausaini tarehe 28 Mei 2011, siku moja kabla ya kuapishwa. Bunge la 6 lilikuwa limebakiwa na siku chache tu za uhai. Miaka 12 ilikuwa inaning'inia kwenye wiki moja.

Tume ya diaspora ni hesabu nyingine. Yeye na kamati yake waliusukuma muswada, lakini sheria yenyewe ni ya 2017, Bunge la 8, yeye akiwa amehamia Ikulu kama msaidizi mwandamizi wa Rais Buhari kwa mambo ya nje na diaspora. Aliyeitia saini ni Yemi Osinbajo, wakati huo akikaimu urais. Kwa hiyo msiandike "alipitisha". Andikeni kwamba aliianzisha hoja bungeni, na baadaye akapewa kuiongoza tume, NiDCOM.

Kutoka: Toronto

> Kwa hiyo msiandike "alipitisha".

Naunga mkono, na nitaongeza sababu. Neno hilo ndilo linaloharibu nyaraka nyingi kuhusu wabunge wa Nigeria. Magazeti ya kule yanaweza kuandika kwamba muswada "umepita" ilhali umepita hatua ya kusomwa mara ya pili tu. Hapo kilichokubaliwa ni wazo. Bado kuna kamati, mara nyingi na kikao cha kusikiliza wananchi, kisha kamati ya Baraza zima inayopitia kifungu kwa kifungu, kisha kusomwa mara ya tatu. Baada ya hapo unakwenda baraza la pili, kisha kwa Rais, ambaye chini ya kifungu cha 58 cha Katiba ana siku 30 za kusaini au kukataa.

(Wazanzibari mliomo humu: Baraza la Wawakilishi hapa ni nyumba ya chini ya Bunge la shirikisho, wajumbe 360. Seneti ina 109, watatu kwa kila jimbo kati ya majimbo 36, na mmoja wa Abuja. Msije mkaoanisha na la kwenu.)

Kwa kuhakikisha, njia fupi ni hii. Ukidai ni sheria, tafuta nakala ya Gazeti la Serikali yenye nambari na mwaka wa sheria. Kama haipo, usiite sheria. Ukidai mtu ni mdhamini, angalia ukurasa wa kwanza wa muswada wenyewe: HB ni wa Baraza, SB ni wa Seneti, na majina ya wadhamini yameandikwa hapo. Ukidai alisema jambo fulani, fungua kumbukumbu rasmi za siku hiyo. Asasi ya PLAC ya Abuja huweka miswada na hatua zake mtandaoni, nayo husaidia pale tovuti ya Bunge inapogoma.

Msichotakiwa kutafuta ni namna alivyopiga kura kwenye kila muswada. Miswada ya kawaida huamuliwa kwa sauti, "ndiyo" dhidi ya "hapana", na spika anaamua upande upi umezidi. Jina la mtu mmoja mmoja halibaki popote. Marekebisho ya Katiba ndiyo yanayohesabiwa.

Jambo jingine: orodha za visima, madarasa na transfoma zilizobandikwa jina la mbunge si rekodi ya kutunga sheria. Hiyo ni miradi ya majimbo ya uchaguzi inayotengewa fedha kwenye bajeti ya shirikisho. Mbunge anapendekeza, wizara au wakala ndiyo inayotoa zabuni na kulipa. Kwa Nigeria kuna watu wanaofuatilia miradi hiyo peke yake, na wana kazi ya kutosha.

Kutoka: Leicester

Ahsanteni. Kura ya diaspora je? Na hii sheria ya habari, sisi tusio Wanigeria tunaweza kuitumia kuomba ripoti za NiDCOM?

Kutoka: Houston

Kura: haipo. Katiba ya 1999, vifungu vya 77(2) na 117(2), inamtaka mpiga kura awe anaishi Nigeria wakati wa kuandikisha wapiga kura. Ukibadilisha sheria ya uchaguzi peke yake, Katiba inaisubiri mlangoni. Dabiri-Erewa amelipigia kelele suala hili akiwa mbunge na tena akiwa NiDCOM, lakini mlango huo unafunguliwa na wabunge 240, maseneta 73 na mabunge 24 ya majimbo. Tarehe 1 Machi 2022 pendekezo lilifika kwenye kura, mabaraza yote mawili yakalikataa.

Linganisheni na Kenya, maana wasomaji wenu watauliza. Kule Katiba ya 2010 yenyewe, ibara ya 82(1)(e), inasema haki ya walio nje itatekelezwa hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walipiga kura waliokuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, 2017 ikaongezeka Afrika Kusini, 2022 zikafika nchi 12, kwa kura ya urais tu. Taratibu, ndiyo, lakini hakuna aliyehitaji kugusa Katiba tena.

Kutoka: Muscat

La sheria ya habari nitalijibu mimi.

Ndiyo, mnaweza. Sheria ya Nigeria inampa haki "mtu yeyote" na haimtaki aeleze sababu. Hapo inazipita za kwetu: ya Kenya ya 2016 ni kwa raia, na taasisi ina siku 21, ya Tanzania, pia ya 2016, ni kwa raia, siku 30. Nigeria ni siku 7, zinaweza kuongezwa 7 nyingine wakikuandikia sababu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja kifungu cha 1 cha Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2011, taja hati kwa jina na mwaka (mfano, ripoti ya mwaka na hesabu za mwaka fulani), sema unataka nakala kwa barua pepe. Usiombe "taarifa zote kuhusu diaspora". Ombi pana hivyo ndilo linalowapa nafasi ya kuandikiana nawe miezi. Ada halali ni ya kunakili na kuchapa basi.

Kinachoharibika mara nyingi ni tarehe. Siku 7 zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, kwa hiyo mtu wenu Abuja apeleke nakala mbili na moja irudi na muhuri wa mapokezi. Barua pepe peke yake watasema hawakuiona. Mkipeleka taasisi isiyohusika, inaweza kulihamishia kwa inayohusika, na saa inaanza upya huko. Pasipoti, kwa mfano, ni kazi ya Idara ya Uhamiaji, na namba ya utambulisho wa taifa ni ya NIMC, tume ya vitambulisho. Msiiulize NiDCOM takwimu za pasipoti.

Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa mmenyimwa. Hapo mna siku 30 za kwenda mahakamani, na taasisi ikionekana ilinyima bila haki, faini ni naira 500,000. Kesi inahitaji wakili wa kule, kwa hiyo kwa waraka wa kurasa sita pimeni kama gharama inalingana na faida.

Kutoka: Toronto

Nyongeza moja kwa waandishi wa waraka, upande wa Tanzania. Msipendekeze tu "mbunge rafiki alete muswada binafsi" kwa kuwa Nigeria ilifanyika. Tume ina ofisi na mishahara, maana yake fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa namna hiyo mpaka pendekezo litoke kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kenya ni laini kidogo: ibara ya 114 inapitisha miswada ya fedha kwenye kamati husika ya Bunge. Kwa Dodoma basi, barua yenu ya kwanza ni ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Kutoka: Houston

Leicester, aya ya kubandika ni hii:

"Abike Dabiri-Erewa, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Nigeria kwa jimbo la Ikorodu (2003–2015), alikuwa mdhamini mkuu katika Baraza hilo wa muswada uliozaa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2011. Akiwa mwenyekiti wa kamati ya diaspora alishinikiza kuundwa kwa tume, iliyopatikana kwa sheria ya 2017. Aliteuliwa kuiongoza mwaka 2018 na kuthibitishwa na Seneti mwaka 2019. Haki ya kupiga kura kwa Wanigeria waishio nje haijapatikana."

Mwaka wa uteuzi na wa uthibitisho vibakizeni vyote viwili. Mkiweka kimoja, atatokea mtu na kingine.