Naomba ushauri: mafaili yanatoweka kwenye diski inayogonga

Habari zenu wakuu. Niko Ujiji, Kigoma, na duka la steshenari na picha. Kompyuta ya dukani ina Windows 10 na hard disk ya TB 1, ile ya kuzunguka, si SSD. Umeme umekuwa ukikatika-katika, sasa folda za picha za harusi zinafunguka tupu, ilhali nafasi iliyotumika haijapungua. Kwa hiyo naamini data bado imo. CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inaonyesha njano, yaani tahadhari, na mara nyingine diski inagonga tik, tik.

Fundi anataka kuendesha chkdsk /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Nimemkatalia, maana inaandika marekebisho humo humo kwenye diski, na hii tayari ni mgonjwa mahututi. Nimeizima kabisa. Nafikiria kuichomoa, niinakili nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye diski nyingine kupitia Linux, halafu TestDisk, programu ya kurejesha mafaili, ifanye kazi kwenye nakala. PhotoRec, programu nyingine ya kurejesha mafaili, ningeiacha iwe ya mwisho kwa kuwa hairudishi majina ya mafaili, na picha za wateja ni nyingi mno.

Waliowahi kufanya: adapta ya USB inatosha, au lazima niiunganishe kwa SATA (waya wa ndani ya kompyuta) moja kwa moja? Na kwa mlio huo, niiwashe tena au niipeleke Dar kwa wenye vifaa vya kuifungua? Kama ni kuisafirisha kwa basi, naifungaje isitikisike?

Kuna binti nilimpiga picha akiwa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Picha hizo ziko humo tu. Naombeni msaada jamani.